Benchi la foni na pipa la mabaharia

Kiingereza kina neno la porojo lililotoka kwenye pipa la maji. Neno lenyewe ni scuttlebutt. Zamani za meli za tanga, maji ya kunywa ya mabaharia yaliwekwa sitahani, ndani ya pipa lililotobolewa shimo la kupitisha kata. Nusu ya kwanza ya neno ni kutoboa, nusu ya pili ni pipa, basi. Mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa jina la chombo tu. Karne ya 20 ilipoanza, katika jeshi la maji la Marekani, lilikwisha kuwa jina la maneno yaliyosemwa pale: nahodha kagombana na nani, meli inageuzwa wapi, nani anaficha ugonjwa asije akashushwa bandarini.

Nililikuta ndani ya kamusi, usiku, Mubi, teritwari ya Walikale, Kivu Kaskazini, Kongo. Nilikuwa najifunza Kiingereza kwa taa iliyonyonya betri ileile ya kazi, na mwenye betri hakupenda. Sikuhitaji mtu anifafanulie. Pipa la namna hiyo nilikuwa nalo nje ya mlango wangu, ila langu lilikuwa benchi.

Mimi ni mtu wa Masisi, upande wa Nyabiondo, na kazi yangu ya ujana ilikuwa foni. Vijana wa leo hawaijui. Foni ni redio ya masafa marefu, na kabla minara ya simu haijafika ndiyo iliyokuwa ikiunganisha Walikale na Goma, Bukavu na Kisangani. Chumba chetu kilikuwa cha mbao, bati juu. Redio mezani, betri ya gari chini ya meza, paneli ya sola juu ya bati, na nje waya wa antena umefungwa kati ya mianzi miwili mirefu. Daftari moja la ujumbe ulioingia, daftari jingine la madeni. Ilikuwa miaka ile mawe ya mgodi wa Bisie yanabebwa mgongoni, gunia la kilo 50, kupita msituni hadi Njingala, kisha yanapelekwa Kilambo, kwenye kipande cha barabara ya lami ambapo ndege ndogo zilitua. Ndege ikikaribia, watu na pikipiki wanaondolewa barabarani kwa filimbi na matusi. Mawe hayo ni kasiterite, ndimo bati linamotoka. Kila gunia lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alitaka kujua Goma wanasema bei gani.

Kupiga foni hakukuwa kama kupiga simu. Unamwita opereta wa Goma, opereta anamtuma kijana amtafute mtu wako sokoni, nyumbani, au kanisani. Anaweza kufika baada ya nusu saa, anaweza kufika jioni. Mvua ikinyesha masafa yanaharibika na wote mnasubiri mbingu zitulie. Kwa hiyo benchi lilikuwa limejaa tangu asubuhi: wanegosian wa mawe, mama wa mafuta ya mawese, mwalimu anayengojea kusikia kama mishahara imetoka, mwanajeshi asiye na sare anayedai hana haraka.

Na foni haijui kunong'ona. Ukisema lazima upaze sauti, ukimaliza useme terminé, uachie kitufe, ndipo mwenzako ajibu, na sauti yake inatoka kwenye spika na mikwaruzo yake yote. Benchi linasikia. Walio kwenye masafa yaleyale Kisangani wanasikia. Ndiyo maana wafanyabiashara wakabuni mafumbo. Mmoja wao, bei ikishuka Goma, aliambiwa kwamba shangazi kalazwa. Ikipanda, shangazi katoka hospitali. Benchi likaja kumjua shangazi huyo kuliko ukoo wake.

“Shangazi iko namuna gani leo?”

“Bamemutia serum.”

Maana yake bei imesimama, tungoje. Mwaka 2008 shangazi alikuwa na afya ya ajabu: katikati ya mwaka ule tani moja ya bati kwenye soko la metali la London ilikuwa imevuka dola 20,000. Kisha benki za Marekani na Ulaya zikaanza kuanguka, na kabla ya Krismasi bei ilikuwa imepungua kwa nusu hivi. Mubi hakuna aliyesoma gazeti la uchumi. Lakini mama aliyekaanga mandazi kando ya benchi alipunguza unga siku kadhaa kabla kontuari, yaani wanunuzi wa mawe, hazijatangaza bei mpya, kwa sababu alisikia shangazi kalazwa mara ya pili wiki ileile. Alijua kwamba wabeba mizigo watakosa fedha ya chai kabla wenyewe hawajajua.

Watu husema porojo ni kazi ya wavivu. Kwa nilivyoiona mimi, ni kazi ya wanaongojea, na anayengojea si mvivu hata kidogo. Ana jambo lake, limekwama mikononi mwa mtu mwingine, na mdomo ndicho kitu pekee kilichobaki chini ya amri yake. Mabaharia walingoja zamu kwenye pipa kwa sababu maji yalipimwa. Waaustralia nao wana neno lao, furphy, na limetoka kwenye maji vilevile. Katika mji wa Shepparton, jimbo la Victoria, John Furphy alikuwa na kiwanda cha vyuma, na kuanzia miaka ya 1880 akawa anaunda matangi ya maji ya kukokotwa na farasi, jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, matangi hayo yalipeleka maji kwenye kambi za wanajeshi. Dereva wa tangi alitoka hema hadi hema, akisikia huku na kumwaga kule, na askari waliosimama na vibuyu vyao wakimalizia iliyobaki. Uvumi ukaitwa furphy. Mzee John hakufanya kosa lolote ila kuandika jina lake vizuri. Ajabu ni kwamba ndugu yake, Joseph, alikuwa mwandishi, na riwaya yake Such Is Life ilitoka mwaka 1903 kwa jina la bandia la Tom Collins. Huko kwao, Tom Collins lilikuwa jina la kutajia mtu asiyekuwepo, yule anayesingiziwa kuwa ndiye aliyeanzisha uvumi. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, wote wameingia kwenye kamusi ya umbeya kwa milango tofauti.

Neno palaver linatukaribia zaidi, na mimi sina huruma nalo. Wareno walipofanya biashara kwenye pwani ya magharibi ya Afrika walikuja na palavra yao, yaani neno tu, na vikao vya kupatana na machifu vikaitwa hivyo. Mabaharia wa Kiingereza wakaliokota katika karne ya 18. Msafiri Stanley alipoteremka Mto Kongo miaka ya 1870 alilitumia alipoeleza vikao vyake na wenyeji. Lakini lilipokwisha kufika Uingereza likawa na maana ya kelele, usumbufu, maneno mengi yasiyo na kitu. Mgeni alikaa kwenye kikao ambacho hakuielewa lugha yake, akingojea ruhusa ya kupita na bei ya pembe, akarudi kwao akasema wale watu wanapenda kupiga domo. Wazee waliokuwa wakipima kama watu hawa wenye bunduki waruhusiwe kupita au la, hawakuulizwa.

Baraza letu limesafiri njia ya kinyume. Pwani ni lile benchi la mawe mbele ya nyumba, pa kupigia soga jua likipoa. Likapanda bara na misafara, na huku Kongo Wabelgiji wakaliandika barza na kuiita hivyo veranda ya nyumba, mahali mzungu alipoketi jioni na mahali wenyeji waliposimama na mashtaka yao asubuhi. Mwaka 1998, Kivu Kaskazini, neno hilohilo likapewa kazi kubwa kuliko zote: likaundwa Barza Intercommunautaire, kikao cha viongozi wa jamii tisa, Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wakusu, Wanande, Wanyanga, Watembo na Watutsi. Kazi yao ilikuwa kuketi pamoja na kuzima ugomvi wa ardhi na wa jamii kabla haujashika moto. Walipatana katika mengi. Mwishoni mwa 2005, siasa za uchaguzi zikiwa zimekaribia, viongozi wakagawanyika na kikao kikavunjika. Nimesikia watu wa mjini wakisema barza ile ilikuwa maneno matupu. Sikubaliani nao. Waliosema hivyo hawakuwa na shamba Masisi.

Kinshasa wao waliita radio trottoir, redio ya kando ya barabara, enzi za Mobutu, wakati redio ya serikali ilikuwa na jambo moja tu la kusema. Jina limeenea hadi kwetu, ingawa trotwari yenyewe mimi Walikale sijaiona. Sisi tuna njia.

Na njia ndiyo kila kitu. Walikale ina kilomita za mraba 23,475, ndiyo teritwari kubwa kuliko zote Kivu Kaskazini. Masisi ina 4,734 tu lakini imejaa watu na vilima. Kutoka Sake unapanda hadi Masisi-centre, unapita Nyabiondo, Kashebere, Kibua, Mpofi, unaingia msituni. Majina ni machache, na kati ya jina moja na lingine lori la Fuso linaweza kulala kwenye matope siku tatu. Pale linapokwama, vijana wa kijiji wanatokea na sepeo kabla dereva hajazima injini, bei ya kuchimba inajadiliwa, mama mmoja anakuja na sombe na fufu, na mji mdogo unazaliwa. Halafu kuna bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya makundi yenye silaha, vya serikali, na vingine vya kila mwenye kamba. Kwenye kila kizuizi unasimama, unangojea, unalipa, unapewa jetoni, yaani risiti, au hupewi. Na unapongojea unasikiliza, kwa sababu bei ya bariyeri inayofuata anaijua anayetoka huko, na kama risasi zimelia asubuhi anayejua ni yeye.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wetu hawamezi kila neno. Wanalipima. Dereva wa pikipiki aliyefika kutoka upande wa Mpofi haulizwi kwanza kuna habari gani.

“Papa, ulilalaka wapi?”

“Kibua.”

“Na ile ya kusema balichoma nyumba, ulionaka ama balikuambia?”

“Balisema.”

“Nani alisema?”

“Batu.”

Mazungumzo yanaishia hapo, na dereva mwenyewe anajua kwamba habari yake imeshushwa daraja. Swali la kulala si adabu tu. Ukilala Kibua huwezi kujua kilichotokea Mpofi alfajiri, hata ukiapa. Swali la pili, ambalo wazee wanalipenda, ni kumuuliza amemwacha nani nyuma yake njiani. Akisema amemwacha mama wa ndizi na watoto wawili, watu wanangoja. Mama wa ndizi akifika na kusimulia yaleyale bila kusikia ya kwanza, sasa hiyo ni habari ya njia, watu wanafunga mizigo. Asipofika, hilo nalo lina maana yake. Maneno yanayosemwa ili jirani achukiwe, au ili bei ya maharage ishuke, hayo yana jina lingine, songi-songi, tulilolipata kwa Kilingala, na anayeyaleta anajulikana. Nimemwona mtu akiamkiwa vizuri, akapewa kiti, akapewa pombe ya kasiksi, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza njia ikoje.

Siisifu porojo kupita kiasi. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi, na maelfu ya watu walikufa katika miezi iliyofuata. Kwetu tulikuwa tunalala migombani. Kila jioni aliletwa mtu aliyesikia kwamba ng'ambo ya mto wanajiandaa, na ng'ambo ya mto, baadaye tulikuja kujua, kila jioni waliletewa mtu aliyesikia kwamba sisi tunajiandaa. Tofauti na benchi la foni ilikuwa moja: watu walikuwa wameacha kukutana. Soko limefungwa, kisima kimegawanywa, hakuna mahali pa kumngojea mtu wa upande wa pili na kumwuliza alilala wapi.

Na kuna kimya. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13 kwenye njia ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwa kimojawapo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Mtandao wa simu haukuwepo. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, kwenye njia ileile, na bado zilipita wiki kabla jina la Luvungi halijasikika duniani. Mmoja wa viongozi wa makundi yaliyofanya hayo, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi Goma mwezi Novemba 2020, miaka kumi baadaye. MONUSCO, ujumbe wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambao ulikuwa na jina hilo kwa mwezi mmoja tu wakati wa Luvungi, ulikuja kuweka watu wa kuunganisha kambi na wanavijiji, na kugawa simu na redio kwa wanaojulikana vijijini ili waite msaada. Kwa maneno mengine, walijenga benchi. Watu wa foni tungewaambia mapema: siku ambayo hakuna pikipiki hata moja inayotoka upande fulani, na wa upande huo hawajaja sokoni, mtu asingoje ripoti.

Kazi ya foni ilikufa polepole. Minara ikapanda, daftari la madeni likabaki bila kulipwa, nami nikahamia Goma. Mwaka 2024, watu wa Masisi walipoteremka kwa wingi kukimbia vita, nilikuwa nakwenda kambi ya Bulengo kuwaona jamaa. Ukitaka kujua ya Masisi hukwenda kwenye ofisi ya kambi. Ulikwenda kwenye robine, mahali pa bidoni za njano zilizopangwa mstari mrefu, kila mama amesimama kando ya bidoni yake. Tarehe 30 Aprili waasi wa M23 walichukua Rubaya yenye migodi ya koltani, na redio zote zilisema hivyo. Ambacho redio hazikusema ni shamba la nani limevunwa na nani, ng'ombe wa nani wamepitishwa wapi, na kama mtu akirudi kuchukua viazi anatozwa kiasi gani kwenye bariyeri. Kwenye robine yote yalikuwepo, na mama aliyetoka huko juzi aliachiwa atangulize bidoni yake mbele, kwa kuwa amelipa kwa habari. Askari wa Furphy wangeuelewa mstari ule bila mkalimani.

Siku hizi maneno yanakuja kwa WhatsApp, sauti ya mtu usiyemjua, amepumua kwa nguvu, amesema mji umeanguka, amesema sambaza. Amelala wapi? Huwezi kumwuliza. Amemwacha nani nyuma yake? Simu haisemi. Kwa hiyo vijana wa pikipiki wamebuni ujanja: sauti ikiingia wanampigia mtu wanayemjua wa mahali hapo, na hawamwulizi vita, wanamwuliza bei ya mkaa.

Nililiona hilo likifanya kazi mwezi Machi 2025. Kampuni ya Alphamin ilisimamisha mgodi wa bati wa Bisie tarehe 13, na tarehe 19 M23 wakaingia Walikale-centre. Siku tatu baadaye wakatangaza kwamba wanaondoka. Tangazo lilizunguka kote, lina karatasi, lina sahihi. Goma, kwenye parking ya wanaokwenda Sake, abiria mmoja mwenye mashati mapya ya kuuza alikuwa na tangazo hilo kwenye simu yake na alitaka kupelekwa mbele, hadi atakapoishia. Dereva akampigia shemeji yake aliyeko Walikale.

“Mkaa iko bei gani?”

Shemeji akajibu kwamba hakuna anayeuza mkaa, watu bado wako msituni.

“Basi hatuendi,” dereva akamwambia abiria, akarudisha mashati chini. Mji uliachwa mwanzoni mwa Aprili.